MAKONTENA YETU, USUKANI WA NANI?

Mwaka 2023 nchi hii ilipiga kelele mpaka ikakaukiwa sauti. Kijiweni, kwenye daladala, kwa mama ntilie, kote swali lilikuwa moja: bandari yetu anapewa nani, na kwa miaka mingapi? Juni Bunge likapitisha, Oktoba mkataba wa miaka 30 na DP World ukasainiwa Dodoma, na sisi wa upande huu tukabandikwa jina la wapinga maendeleo. Sawa, tumezoea. Leo sirudii yale. Nataka kuuliza jambo ambalo vijana wenzangu hawapendi kuulizwa: mbona kuna mikataba mingine ya makontena mnaisaini wenyewe, usiku wa manane, kwa kubofya kitufe cha "Nakubali", na hakuna hata mmoja anayepiga kelele?

Ngoja nieleze taratibu, maana najua wapo wasomaji wangu wa Tandika na Mbagala ambao kompyuta wanaiona stesheneri tu wanapokwenda kuchapa barua ya kuomba kazi. Hili linawahusu na wao, kwa sababu nauli wanayolipa kwa simu na mkopo wanaoomba kwa simu unapita humo humo.

Yapo makontena ya chuma yanayoshushwa bandarini, na yapo makontena ya programu. Haya ya pili yameigwa kwa yale ya kwanza. Zamani kijana aliandika programu kwenye kompyuta yake ikafanya kazi vizuri, akiipeleka kwenye seva ya mteja inagoma: huku kuna toleo hili, kule toleo lile. Mwaka 2013 ikaja Docker, ikasema funga programu pamoja na vikorokoro vyake vyote ndani ya boksi moja, na boksi likifika popote litafanya kazi vilevile. Kama lile la chuma, ambalo halijali limebebwa na meli, treni au lori la Tunduma.

Makontena yakiwa mawili unayaangalia kwa macho. Yakiwa mia, nani atayapanga? Lipi likae mashine ipi, lililokufa afufue nani, wateja wakifurika nani aongeze mengine? Juni 2014 Google walitoa bure kwa ulimwengu mzima mtambo wa kufanya kazi hiyo, baada ya miaka mingi ya kujifunzia kwenye mtambo wao wa ndani ulioitwa Borg. Wakauita Kubernetes. Ni neno la Kigiriki, maana yake nahodha, mshika usukani. Unachukua mashine kadhaa, unaziunganisha, zinakuwa kitu kimoja kinachoitwa klasta, na nahodha anaziamrisha.

Tatizo, nahodha huyu ana adabu zake. Kumweka mwenyewe kwa mara ya kwanza ni kukesha. Ndipo wenye mawingu, yaani makampuni yanayokodisha kompyuta kupitia mtandao, wakaja na maneno matamu: lipa, sisi tutakushikia usukani. Google walianza 2015, Amazon na Microsoft wakafuata 2018, na wadogo kama DigitalOcean nao wamo. Siku hizi ukimsikia kijana wa Sinza au Kijitonyama anatamba kwamba ana klasta, mara nyingi ni hiyo ya kushikiwa.

Na kuifungua ni rahisi, sitawadanganya. Unafungua akaunti, unaweka namba ya kadi ya benki. Unachagua kanda, yaani mji ambao mashine zako zitakaa. Unachagua toleo la Kubernetes. Unachagua ukubwa wa mashine na idadi, tatu kwa kawaida. Unabofya. Unakwenda kunywa chai, ukirudi klasta iko hewani. Wanakupa faili la funguo, unalishusha kwenye kompyuta yako, unaandika amri moja ya kubectl kuulizia mashine, zinakujibu tatu zote ziko tayari. Kijana anahisi kama kapewa meli.

Halafu unaandika ilani. Ndiyo, msomaji wangu, inaitwa hivyo hivyo! Kwa Kiingereza ni manifesti, mtoto wa tumbo moja na ile ilani ya uchaguzi. Ni faili la maandishi unaloeleza unataka nini: nataka kontena hili, nakala tatu, zisipungue. Unalituma. Tofauti na ilani za wakubwa zetu ni kwamba hii INATEKELEZWA. Nahodha anaisoma mchana na usiku, anatazama hali ilivyo, analinganisha na kilichoandikwa. Ukiua nakala moja anazaa nyingine. Haundi tume wala hasubiri bajeti ijayo.

Kuna na daftari ambalo kila kilichomo kwenye klasta kimeandikwa humo. Linaitwa etcd. Nakala zake hukaa kwenye mashine tatu au tano, na hizo huchagua kiongozi kwa kura, wingi wa kweli, mbili katika tatu au tatu katika tano. Kiongozi lazima awape wenzake salamu kila mara kuonyesha yu hai. Akinyamaza kidogo tu, uchaguzi unaitishwa hapo hapo, muhula mpya unaanza. Na yule wa zamani akirudi anakuta muhula umepita, anakaa pembeni kwa amani. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa twende kwenye kiini. Ukikodi klasta ya kushikiwa, ni sehemu gani unayoshikiwa? Ni hiyo hiyo! Daftari, dirisha linalopokea amri, mpangaji anayeamua kontena likae wapi, wasimamizi wanaolinganisha ilani na hali halisi. Vyote viko kwenye chumba cha mwenye wingu ambacho huingii, na kompyuta zake huzioni hata kwenye orodha yako. Wewe unachokiona ni mashine za kubeba mizigo. Wewe ni kuli mwenye kadi ya benki, usukani uko kwake.

Hebu tuusome mkataba, maana kubofya tumeshabofya. Amazon wanatoza senti 10 za dola kwa saa kwa kukushikia usukani peke yake, kabla hujakodi mashine hata moja. Ni kama dola 73 kwa mwezi, inakaribia shilingi laki mbili. Google bei ni hiyo hiyo ila wanakusamehe klasta ya kwanza ukichagua aina fulani. Microsoft wanalo daraja la bure lisilo na dhamana. DigitalOcean usukani wa kawaida hawautozi, wanachotaka uchukue mashine zao. Mpaka hapo hakuna wizi. Mtu anafanya kazi, alipwe.

Lakini endelea kusoma. Kubernetes hutoa toleo jipya mara tatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa na wenyewe kwa miezi kama 14. Ukizembea ukabaki na toleo la zamani, Amazon hawakuzimii. Wanakupandishia, kutoka senti 10 hadi senti 60 kwa saa. Mara SITA. Dola 73 zinakuwa dola 438, zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwezi, kwa klasta ile ile. Imeandikwa, haijafichwa. Ila ni wangapi mmeisoma?

Kuna na kipengele cha mlango. Data kuingia kwenye wingu ni bure. Data kutoka unalipa kwa kila gigabaiti ukishavuka kiasi cha msamaha. Muulize mtu yeyote wa Kariakoo biashara ya namna hiyo inaitwaje, kuingia karibu sana baba, kutoka tulipane.

Na mimi nimeingizwa mjini, nisijifanye mjanja. Tulikuwa watatu, tunamtengenezea mama mmoja wa Kariakoo, muuza vipuri, programu ya kupokea oda za mikoani. Tukafungua klasta kwa kampuni moja, jina nalihifadhi. Mashine tatu kwa duka moja! Ulikuwa ushamba mtupu, mashine moja ndogo ya kukodi ingetosha na chenji kubaki, lakini tulitaka tuitwe wahandisi. Baada ya miezi miwili tukaona hatuwezi, tukaifuta klasta na kulala usingizi. Mwezi uliofuata benki ikakata dola 38. Kumbe ukifuta klasta, kile kigawa mzigo kinachowapokea wateja mlangoni, na diski zilizotunza oda, vinaweza kubaki vikihesabu saa. Ni vitu vilivyosajiliwa pembeni, lazima uvifute kimoja kimoja. Kadi ilikuwa ya yule mama. Nilikwenda dukani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha ujumbe wa benki kwenye simu. "Mwanangu, duka si ulisema mmelifunga? Sasa hizi dola anakula nani?" Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya wateja wake.

Halafu angalieni kichekesho cha dola yenyewe. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni za kupiga marufuku kuuziana kwa fedha za kigeni humu ndani. Mwenye nyumba wa Masaki akiomba kodi kwa dola ana kesi. Lakini kijana wa Manzese anayetaka kuanzisha kampuni ya programu analipia wingu kwa dola, kwa bei ya siku ya benki, na shilingi ikiyumba anayumba nayo, wakati wateja wake wanamlipa shilingi kwa M-Pesa.

Na hizo mashine ziko wapi? Microsoft walifungua kanda zao Afrika Kusini 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Emirati walitangaza dola bilioni moja kwa Kenya, na kituo cha data cha kuendeshwa kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria. Hongera kwao, ila tangazo si seva. Kwa hiyo kijana wa Dar anachagua kusini au anachagua Ulaya, na mzigo wa muuza vipuri wa Kariakoo kwenda kwa mnunuzi wa Buguruni unapitia baharini.

Mei 12, 2024 tulikiona cha moto. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwetu na nchi nzima ikawa inatambaa. Waliokuwa na seva zao hapa hapa waliendelea kufikika, maana Dar kuna kituo ambako makampuni ya mtandao hubadilishana mizigo ya ndani bila kutoka nje ya nchi. Waliokuwa wamekodi kusini walibaki kuomba msamaha kwa wateja.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, haikuwa nyaya. Intaneti ilizimwa, na ikakaa kizani siku kadhaa. Klasta kule Cape Town ilikuwa nzima, nakala tatu zipo, kiongozi wa daftari anatoa salamu zake. Mteja wa Tanzania hakuna hata mmoja. Na saa zilihesabiwa kama kawaida! Atatokea mjuaji aseme, basi weka seva nyumbani. Ndugu yangu, siku ile hata ya nyumbani isingekusaidia. Kijana wa nchi hii ana washika usukani wawili, mmoja ng'ambo na mmoja hapa, na wote wawili hakuwachagua yeye.

Yule wa ng'ambo naye msimwone malaika. Januari 2021 Amazon waliuzima mtandao wa Parler wa Marekani, kwa notisi ya kama siku moja, wakisema umeshindwa kudhibiti maneno ya kuchochea vurugu. Mimi sina machozi na Parler. Ninachotazama ni mkono uliozima, na urefu wa notisi. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya laki sita, uliamka ukakuta mitambo yake kwa Google imefutwa, kwa sababu ya kosa la upangaji lililofanywa upande wa Google wenyewe. Nakala zilizokuwa pande zote mbili za kanda zikaondoka pamoja. Miongoni mwa vilivyowaokoa ni mzigo waliokuwa wameuweka kwa kampuni nyingine. Oktoba 20, 2025 kanda ya Amazon ya Virginia iliyumba na sehemu kubwa ya dunia ikayumba nayo. Hao ni wakubwa wenye mawakili. Wewe wa Sinza utampigia simu nani?

Wapambe watasema, mwandishi huyu anataka turudi kwenye karatasi. Hapana. Kukodi si dhambi. Nyumba tunapanga wote. Ninachodai ni kuupitia mkataba kwa macho, na kudai masharti kama tulivyodai ya bandari. Na yanapatikana! Wazungu wa Ulaya walitunga Sheria ya Data, ikaanza nguvu Januari 2024 na kutumika Septemba 2025, inayomlazimisha mwenye wingu amwachie mteja ahame, na ada za kuhama zifutwe kabisa kufikia Januari 2027. Mara Google, Januari hiyo hiyo ya 2024, wakatangaza anayehama moja kwa moja hatozwi data ya kutoka. Machi wakafuata Amazon na Microsoft. Hawakuota ndoto usiku mmoja. Walisukumwa na sheria.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Vizuri. Kwa hiyo kijana akikosea kanda wakati wa kubofya, sheria inamjua. Sheria ya kumlinda yeye asinaswe mlangoni iko wapi? Kituo cha Taifa cha data kipo Kijitonyama, kimejengwa kwa fedha ya umma. Nataka kusikia Bungeni mbunge mmoja, wa chama chochote, anauliza: lini kijana wa Manzese atakodi mashine pale kwa saa, kwa shilingi, kwa M-Pesa, bila barua ya utambulisho na bila kujuana na mtu?

Na sisi vijana tuache uvivu. Mimi niliishia kidato cha nne, hakuna aliyenifundisha haya darasani. Maelezo ya Kubernetes yako wazi, bure, na programu yenyewe ni ya wote. Tangu 2019 kuna toleo jepesi linaloitwa k3s, faili moja lisilofika megabaiti 100, linakaa hata kwenye kompyuta kuukuu. Jifunze hapo kwanza. Ukishamshika nahodha kwa mikono yako ndipo ukakodi, na utakuwa unajua unachokodi. Na ukiweka mwenyewe, funga mlango. Februari 2018 ilifichuka kwamba Tesla, kampuni ya magari ya umeme ya Marekani, waliacha dirisha la kusimamia Kubernetes bila neno la siri, wezi wakaingia wakawa wanachimbia sarafu za mtandaoni kwa mashine za wenyewe.

Sisi watatu tulinunua kompyuta tatu za mtumba. Tukaziweka kwenye chumba kimoja Mwananyamala, moja usukani, mbili wabebaji, swichi ya mtandao katikati. Siku moja mtoto wa mwenye nyumba akachomoa waya wa mbebaji mmoja ili achaji simu. Tulikaa kimya tukitazama saa. Dakika ya kwanza mashine ikaandikwa haipo tayari. Zikapita tano na ushee, nahodha akakata tamaa, akahamishia makontena yake kwa mwenzake aliyebaki, na ukurasa ukafunguka. Tulipiga makofi mpaka jirani akagonga ukuta.

Wiki mbili baadaye ile ya usukani yenyewe ndiyo iliyoungua, umeme ulirudi kwa kishindo. Makontena yaliyokuwa kwa wabebaji yaliendelea kufanya kazi, ila hakuna aliyesikia amri. Ukituma ilani haisomwi, kontena likianguka pamoja na mashine yake hakuna wa kulipeleka kwingine. Hapo nilielewa zile dola 73 zinalipia nini. Kuazima kompyuta nyingine haikuwa kazi. Kazi ilikuwa daftari: nakala yake tuliiweka kwenye flashi, na flashi ilikuwa mfukoni mwa mwenzetu, na mwenzetu alikuwa kwenye basi la Tanga, ameshapita Chalinze, simu imekwisha chaji.